Gari Lililokula Chumvi na Oili ya Sinthetiki

Malipo ya korosho yakianza kuingia, kati ya Oktoba na Desemba, gereji yetu hapa Magomeni, Mtwara, hupokea magari ambayo mwaka mzima hayakuonekana. Minada ya vyama vya ushirika vya TANECU na MAMCU ikishapita, mkulima wa Nanyamba au Tandahimba ambaye tangu masika alikuwa akiongezea oili robo lita robo lita kwenye Carina lake, anaingia na dumu jipya la lita nne lenye maandishi ya dhahabu. "Fundi, mwaka huu nataka nilitunze gari langu. Mwaga oili yote ya zamani, tia hii ya sinthetiki." Na kwenye benchi chini ya mwembe hakosekani mzee wa kumkatisha tamaa: "Njomba, usithubutu. Gari lililozoea oili ya kawaida ukilipa sinthetiki, litavuja kama pakacha."

Ubishi huo huendelea mpaka chai inapoa. Mimi huomba jambo moja tu: boneti ifunguliwe kwanza. Mwenye dumu anaamini maandishi ya dumu, mzee anaamini hadithi aliyoirithi kwa dereva aliyemfundisha kazi, na wote wawili hawajaitazama injini yenyewe.

Magari ninayoyasema ni yale yaliyotoka Japani yakiwa yameshatumika, yakauzwa Dar es Salaam, yakatumika tena, kisha yakashuka Kusini kumalizia maisha: Carina Ti, Corolla 110, Noah za zamani, Mark II, RAV4 ya milango mitatu. Odometa inasoma kilomita 180,000, na mimi huisoma kwa heshima tu. Rekodi ya oili haipo kabisa. Na tukumbuke tulikotoka. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, safari ya Dar es Salaam ilitegemea kivuko cha Rufiji, na mvua zikikolea Kusini ilikuwa inakatika. Mtu alitia oili iliyopo dukani, si ile aliyoitaka. Leo barabara ya lami ipo na maduka ya spea yamejaa, lakini mazoea hayakuondoka. Bado kuna anayeamini kwamba oili ni oili mradi iwe nzito na ishikane vidoleni.

Sasa, hiyo sinthetiki ni nini hasa?

Mafuta ghafi yakichemshwa kwenye mtambo, petroli, mafuta ya taa na dizeli hutangulia kutoka. Yale mazito yanayobaki chini huchemshwa tena ndani ya mtambo ulionyonywa hewa, hutolewa nta, husafishwa, na hapo ndipo unapopatikana msingi wa oili ya kawaida. Ni kitu kizuri, kimeendesha dunia kwa zaidi ya miaka mia moja. Lakini ndani yake molekuli ni za kila umbo: ndefu, fupi, zenye matawi, zenye pete, pamoja na mabaki ya salfa na nta. Injini ikipata moto, zile nyepesi hupanda hewani na zile dhaifu huungua na kugeuka utando wa kahawia, kisha tope jeusi.

Oili ya sinthetiki hutengenezwa ili molekuli zake zikaribie kufanana. Wengine huanza na gesi ya ethilini, wakaunganisha vipande vyake hadi kupata kimiminika kiitwacho PAO. Wengine huchukua yale yale mafuta ghafi, wakayavunja na kuyapanga upya kwa haidrojeni chini ya joto kali na presha kubwa. Wakubwa wa biashara hii walishabishana kama hiyo njia ya pili inastahili jina. Mwaka 1999 huko Marekani, Mobil ilimlalamikia Castrol mbele ya chombo kinachosimamia ukweli wa matangazo, na Castrol akashinda. Ndiyo maana neno sinthetiki likiwa limeandikwa kwenye dumu, huenda ndani mna aina yoyote kati ya hizo mbili. Kwa Carina la mwaka 1998, hilo halina haja ya kukukosesha usingizi. Zote mbili ni nzuri.

Kuna njia ya tatu, na hii wateja wangu wa Msimbati huipenda. Ras Laffan, Qatar, kuna mtambo wa Shell uitwao Pearl, uliotoa bidhaa zake za kwanza mwaka 2011, unaogeuza gesi asilia kuwa mafuta ya maji, na sehemu yake huwa msingi wa oili ya injini. Gesi yetu ya Mnazi Bay, huko huko Msimbati, iligunduliwa mwaka 1982, husafishwa Madimba, na tangu 2015 inapita kwenye bomba hadi Dar es Salaam, sehemu kubwa ikiishia kwenye mitambo ya umeme. Haijageuzwa oili ya gari hata siku moja. Lakini methani ya Msimbati na methani ya Qatar ni ndugu wa baba mmoja, na ukimwambia hivyo mvuvi aliyekuwa akiiona sinthetiki kuwa uchawi wa wazungu, anaanza kukusikiliza.

Hofu ya mzee wa kwenye benchi nayo ina chimbuko. Oili za sinthetiki zilipoanza kuuzwa madukani Marekani, Amsoil mwaka 1972 na Mobil 1 mwaka 1974, zilikuta injini zilizofungwa sili na gasketi za mpira uliozoea oili ya kawaida. Oili ya kawaida huuvimbisha mpira kidogo, na uvimbe huo ndio unaoziba. PAO ikiwa peke yake huusinyaza. Baadhi ya magari yakavuja kweli, habari ikavuka bahari, ikafika hadi kwenye mwembe wetu. Watengenezaji walirekebisha zamani: siku hizi huchanganya viungo vinavyoufanya mpira ubaki na unene wake, na oili hupimwa kwa mpira kabla haijapewa daraja. Kwa hiyo hadithi ya mzee ilikuwa kweli, ila ni kweli ya miaka hamsini iliyopita.

Hata hivyo magari yanavuja, na mimi nayaona. Sili ya krenki ambayo imepikwa kwa miaka ishirini na tano imekuwa ngumu, ukiikunja inapasuka. Pembeni yake tope jeusi limejikusanya na kuziba ule upenyo. Oili mpya ina sabuni nyingi zaidi za kusafisha, inaliondoa lile tope taratibu, na upenyo unabaki wazi. Tundu lilikuwepo kabla ya sinthetiki kufika.

Halafu kuna jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo linalozaa nusu ya lawama zote: namba.

Dumu likiandikwa 20W-50, ile namba ya mbele yenye W inaeleza tabia ya oili kwenye baridi. Kipimo cha kuzungusha injini kwa 20W hufanyika kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, na kwa 5W ni nyuzi 30 chini ya sifuri. Sisi hapa, usiku wa Julai kusi ikivuma, tukikaribia nyuzi 20 juu ya sifuri tunatafuta masweta. Kwa hiyo lile tangazo la gari linalowaka kwenye theluji si letu. Lakini msiitupe namba hiyo yote. Hata kwenye nyuzi 40, joto la injini iliyoanza tu kuchangamka, 20W-50 ya kawaida ni nzito zaidi ya mara mbili kuliko 5W-30. Alfajiri ukiwasha, ile nzito inachelewa kupanda hadi kwenye kemshafti, na ule mlio wa kugongagonga wa sekunde za kwanza ni chuma kinachosubiri oili.

Namba ya nyuma ndiyo ya kazi yetu, maana hupimwa kwenye nyuzi 100, injini ikiwa imeshika moto. Oili ya 30 lazima iwe na uzito wa kati ya 9.3 na 12.5 kwa kipimo cha sentistoksi. Ya 40 inaanzia 12.5 hadi 16.3, ya 50 inakwenda hadi 21.9. Hapo ndipo mtu anapojichanganya. Anayehama kutoka 20W-50 ya kawaida kwenda 5W-30 ya sinthetiki amefanya mabadiliko mawili kwa mpigo: amebadili asili ya oili, na pia amebadili uzito wake. Beringi zilizolika, zenye nafasi kubwa kuliko za kiwandani, zilikuwa zinabebwa na ule unene wa 50. Siku amesimama Shangani kungoja pantoni ya Msangamkuu, injini ina moto na haina mbio, taa nyekundu ya oili inaanza kupepesa. Analaani sinthetiki. Angetia 30 ya kawaida, taa ingepepesa vile vile.

Nitasimulia gari moja, kwa sababu lilipita hatua zote. Ni Carina Ti la mwaka 1998, injini ya 5A-FE, mali ya mwalimu mstaafu aliyenifundisha hesabu za darasa la saba. Hulitumia kwenda Kilambo na Mahurunga, ana shamba la mpunga kwenye bonde la Ruvuma, na Ijumaa hulileta mjini.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Binti yangu kanitumia hii kwa basi kutoka Dar. Anasema gari litakuwa jipya."

Lilikuwa dumu la 5W-30, sinthetiki kamili. Nikafungua mfuniko wa kujazia oili nikaugeuza. Hapo ndipo injini husema umri wake. Ukikuta utando wa kahawia unaong'aa, ni uzee wa kawaida. Ukikuta tope jeusi linalokwanguka kwa ukucha, injini hiyo imepitishiwa muda wake wa kumwaga oili mara nyingi, na sinthetiki si dawa ya kuanzia. La Mwalimu lilikuwa la kahawia.

Gari likalala gerejini, chini yake nimetandaza boksi lililofunguliwa. Asubuhi boksi lilikuwa na madoa mawili: moja usawa wa distributa, jingine mbele, kwenye sili ya krenki. Upande wa nyuma, pale injini inapokutana na gia boksi, pakavu. Nilimshukuru Mungu, maana sili ya nyuma haibadilishwi bila kushusha gia boksi, na hapo fedha inakuwa nyingine. Kijana wangu alisimama nyuma ya ekzosi tulipowasha: moshi wa bluu kidogo, ukakata. Moshi wa namna hiyo, unaotoka gari likiwa limelala kisha ukaisha, ni wa sili za valvu. Ule unaotoka ukikanyaga mafuta kupanda mlima ni wa ringi za pistoni, na wenye ringi zilizochoka nawaambia wasinunue sinthetiki kabisa. Wanachoma hela kwenye ekzosi.

Kisha tukapima inavyokula. Nilijaza oili ya kawaida hadi alama ya juu ya kijiti, Mwalimu akaandika kilomita kwenye daftari kwa mwandiko wake wa ubaoni, akaenda zake bondeni. Aliporudi hesabu ilionyesha chini ya robo lita kwa kila kilomita 1,000. Kwa gari la umri ule ni afya njema. Ingekuwa lita nzima kwa kilomita 1,000, mazungumzo yangeishia hapo. Wenye Spacio na Allion za injini ya 1ZZ-FE, zile za mwanzo, wanalijua jambo hili: matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni zake yalikuwa madogo, yanaziba, ringi zinanata, na injini inainywa oili usiku na mchana. Hakuna dumu linalorekebisha tundu la pistoni lililoziba.

Fedha ya kwanza ya Mwalimu ikaenda kwenye vitu visivyo na maandishi ya dhahabu: gasketi ya tapeti kava, mpira wa distributa, sili ya mbele ya krenki, filta ya oili. Na kidude kimoja kidogo ambacho wengi hawakijui, valvu ya kupumulia injini, iliyochomekwa juu kwenye tapeti kava. Kazi yake ni kuzitoa gesi zinazovuja kupita ringi na kuzirudisha zikachomwe. Ikiziba, presha inajaa ndani ya injini na kusukuma oili itoke popote palipo dhaifu. Ukiitoa na kuitikisa, inatakiwa ilie. Ya Mwalimu ilikuwa kimya, imejaa lami. Nimeona magari yakibadilishwa sili zote, yakavuja tena baada ya wiki, kumbe kosa lilikuwa kwenye kidude hicho cha bei ya chakula cha mchana.

"Si ungeiosha kwanza kwa mafuta ya taa?" aliuliza mzee wa kwenye benchi.

Hapana. Kuna mafundi wanaomwaga oili, wanatia mafuta ya taa au dizeli, wanawasha injini dakika kadhaa ili ioshe ndani. Uchafu unatoka kweli, lakini hautoki wote nje. Mapande ya tope yaliyokuwa yametulia yanabanduka, yanashuka kwenye sampu, na pampu ya oili inayavuta hadi kwenye chujio lake. Likiziba, oili haipandi, na injini iliyokuwa inaishi na uchafu wake inanoki ikiwa safi. Mimi husafisha polepole: oili ya kawaida yenye daraja zuri, filta mpya, mwendo mfupi, kisha mwaga. Ya Mwalimu tuliimwaga baada ya kilomita 2,000. Ilitoka nyeusi tii, na hilo lilinifurahisha. Nikaikata filta kwa msumeno, nikaikunjua karatasi yake juani kutafuta vichembe vya chuma vinavyometa. Havikuwepo.

Ndipo tukatia sinthetiki, lakini 10W-40, wala si lile dumu la binti. Vitabu vya Toyota vya miaka ya 1990 vya nchi za joto huwa na mchoro wa halijoto unaoruhusu uzito wa aina nyingi, kwa hiyo 5W-30 isingelilipua gari la Mwalimu. Ila kwa injini iliyolika, ninaona bora kushuka ngazi moja kuliko mbili. Lita tatu na ushei, basi. Dumu la binti lilikwenda kwenye IST ya kijana wake mwingine, na huko ndiko lilikostahili. Injini hizo za VVT-i hutumia presha ya oili kuzungusha mtambo wa kubadili muda wa valvu, oili ikipita kwenye vijia vyembamba na kichujio kidogo. Anayetia 20W-50 nzito humo kwa sababu babu yake alitia hivyo kwenye Land Rover, anaisumbua bure.

Watu huniuliza Mwalimu alipata nini. Alfajiri gari linawaka kimya zaidi. Oili inapungua kidogo kuliko zamani, jambo ambalo lina sababu: kwenye kipimo cha maabara oili huchemshwa saa nzima kwenye nyuzi 250 ili kuona kiasi gani kimeruka hewani, na sinthetiki hupoteza kidogo. Matumizi ya petroli hayakubadilika kwa namna ambayo daftari lake lingeiona. Alinijia juu kwa hilo. Nikamwambia, Mwalimu, dumu ndilo lililoahidi, mimi sikuahidi.

Na bei? Sinthetiki hapa mjini huuzwa mara mbili hadi tatu ya oili ya kawaida. Wauzaji hujitetea kwamba inadumu: utamwaga baada ya kilomita 10,000 au hata 15,000 badala ya 5,000. Kwa gari jipya kwenye lami ya Ulaya, sawa. Kwa gari letu, hesabu hiyo haisimami. Oili haichoki kwa joto peke yake. Inachafuliwa pia na masizi na petroli inayopenya ringi zilizolegea, na uchafu huo hauulizi oili imetengenezwaje. Ongeza vumbi. Nenda Msimbati siku ya sikukuu uone magari yanayoshindana ufukweni, magurudumu yanazunguka kwenye mchanga, injini inalia, hewa ya moto yenye chembe inaingia kwenye filta ya hewa ambayo haijaguswa tangu mwaka jana. Mchanga ukishaingia kwenye oili hakuna sinthetiki ya kuuyeyusha. Unasaga ringi na beringi. Kwa magari ya vumbi la Newala na mchanga wa Msimbati mimi hukubali kilomita 7,000, na filta ya hewa naitazama kabla ya oili. Ina maana kwamba mwenye gari kuukuu hairudishi tofauti ya bei kwa kuchelewesha kumwaga. Analipia utulivu wa alfajiri na usafi wa ndani. Kama hilo linamtosha, atie. Kama fedha ni ya mawazo, oili ya kawaida yenye daraja zuri, imwagwe kwa wakati, italifikisha gari lake mbali kuliko sinthetiki inayosahauliwa humo mwaka mzima.

Nimesema daraja. Geuza dumu utafute herufi za API. Kwa petroli zinaanza na S: SJ ni ya mwaka 1996, SL ya 2001, SN ya 2010, SP ya 2020. Herufi ya pili ikisogea mbele, oili ni ya kisasa zaidi. Carina la Mwalimu lilizaliwa enzi za SJ, kwa hiyo SJ na zinazofuata zinalitosha. Ajabu ni kwamba madukani bado nakuta madumu mapya yenye SF, daraja la mwaka 1980, na mengine SC, la 1964. Oili ya kawaida ya SN naichukua kuliko sinthetiki isiyo na herufi yoyote. Kwa dizeli tafuta C, kama CI-4. Wenye Prado na Hiace za 1KZ-TE zenye tabochaja, hawa ndio ningewasukuma kwenye sinthetiki au ile ya mchanganyiko kuliko wote, kwani beringi ya tabo hukaa karibu na moto wa ekzosi, na ukizima gari ghafla baada ya mlima, oili iliyobaki humo huungua na kuwa makaa.

Kuna kile kilichobaki kwenye dumu, karibu lita moja. Msikitie kwenye bodaboda. Klachi ya pikipiki nyingi inaogelea ndani ya oili ile ile ya injini, na oili nyingi nyepesi za magari zina viungo vya kupunguza msuguano; klachi inaanza kuteleza, abiria wawili hawapandi kilima. Wajapani waliweka kiwango chao cha pikipiki, JASO, mwaka 1998 kwa sababu hiyo hiyo, tafuta MA. Wala msiwape wavuvi waichanganye kwenye petroli ya mashine ya boti ya viharusi viwili. Ile inataka 2T, inayoungua bila kuacha majivu kwenye plagi. Plagi ikifa mdomoni mwa Ruvuma maji yakiwa yanatoka, boti inapelekwa bahari kuu.

Kuhusu kuchanganya na kurudi nyuma: sinthetiki na ya kawaida zinachanganyika. Ukipungukiwa njiani Mnazi Mmoja na duka lina ya kawaida tu, ongeza, endelea na safari. Na aliyehamia sinthetiki anaweza kurudi kwenye ya kawaida mwakani korosho ikishuka bei. Injini haina kinyongo.

Kinachoniuma zaidi ni oili ya bandia. Rangi haikwambii kitu, harufu nayo hudanganya. Tazama alama ya TBS, tazama kifuniko kama pete yake haijakatwa, namba ya toleo iwe imechapwa na isifutike kwa kidole, na ununue kwenye kituo cha mafuta au duka ambalo kesho utalikuta. Bandia nyingi hukaa ndani ya madumu halali yaliyookotwa.

Oili chafu iliyotoka kwenye Carina sikuimwaga nyuma ya ukuta. Huku watu huipaka kwenye nguzo za banda kuzuia mchwa, wengine huifukia shimoni. Maji ya Mtwara hayako mbali chini ya mchanga, na mitaro yetu yote inashuka baharini, kwenye mikoko na matumbawe, jirani na Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000. Mimi nina pipa lenye mfuniko. Likijaa, kuna mnunuzi anayepita na lori akirudi Dar es Salaam.

Dumu tupu nalitoboa kwa bisibisi mbele ya mwenye gari, ili lisije likarudi dukani limejazwa kitu kingine. Mwalimu alilalamika, alikuwa amelipigia hesabu la kubebea maji ya rejeta. Tukamtafutia la soda.